Ziwani Hakuna Ukuta

Aibu ziko za namna nyingi, lakini ile ya Mylène Boulianne ilikuwa ya peke yake: aliingia ziwani kuogelea, akaigonga boti ya mwongozaji wake kwa utosi. Ilikuwa mchana kweupe, mwezi wa Juni, na nusu ya watu wa kijiji chetu cha Anse-aux-Merles walikuwa gatini na darubini zao na bia zao. Saa nzima ilikuwa haijatimia tangu aingie majini. Na kanuni ya jaribio haina mjadala: ukigusa boti, umetoka. Uwe umeishika kwa uchovu, uwe umeipiga kichwa kwa kutoona, umetoka tu, kavae nguo zako.

Chanzo chenyewe kilikuwa ugonjwa wa bwawani. Kwa miaka zaidi ya ishirini Mylène alivuta pumzi upande wa kulia peke yake, na bwawani hilo halimdhuru mtu, kwa sababu chini kuna mstari mweusi. Ukiufuata huo utafika ukutani hata ukiwa umesinzia. Ziwa letu halina mstari. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, vidole vyako mwenyewe huvioni ukishanyoosha mkono. Basi mkono wake wa kulia, wenye nguvu kuliko mwenzake, ukawa unamsukuma kushoto kidogo kidogo. Naye kushoto hatazami, na huko kushoto ndiko boti ilikokuwa. Pu!

"Mylène kapata ajali ya barabarani," walisema kesho yake kwenye foleni ya mkate. "Eti nani alikuwa na haki ya kupita?"

Wacheke tu, lakini yeye alikuwa na cha kulilia. Kila Agosti hufanyika Mvuko, kilomita thelathini kutoka ng'ambo mpaka gatini kwetu, na waogeleaji huja kutoka nchi ambazo hatujui hata kuzitamka. Kamati hutenga nafasi moja kwa mzawa wa ziwa, na nafasi hiyo haigawiwi kwa kujuana. Kuna jaribio: kilomita kumi, ndani ya muda wa saa tatu, bila kugusa boti. Kila mzawa ana majaribio mawili. Si mawili kwa mwaka, mawili kwa maisha yake yote, mpaka kaburini. Ukishindwa mara ya pili jina lako linafutwa, hata uje na barua ya askofu. Mylène alikuwa na miaka ishirini na tisa, na moja alishalimaliza kwa kichwa chake.

Bwawani nako kulishamalizika. Masika ile aliikosa timu ya taifa kwa sehemu kumi na mbili za mia za sekunde, yaani hata kukohoa hukohoi muda huo. Kocha akampa mkono, akamwambia asante kwa miaka yote, akageuka kumsalimia msichana wa miaka kumi na saba. Mylène akarudi kijijini kuuza misumari na rangi katika duka la vifaa la mama yake, Huguette.

"Mama," alisema jioni ya ile ajali, kinundu kimevimba chini ya barafu. "Nisipouingia Mvuko, unajua nitakuwa nani? Mtu aliyeogelea miaka ishirini na mitatu bila kufika popote. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, maisha yangu yote."

"Kwani sisi wengine tumefika wapi?" Huguette akamjibu. "Miaka thelathini natoka kaunta naenda stoo, natoka stoo narudi kaunta. Mbona sijapewa kikombe?"

"Mama, mimi sitanii."

Huguette akamtazama vizuri, akaacha utani. "Haya. Maji umeshayavulia nguo, yaoge. Lakini safari hii utafute mtu atakayekuambia unakokwenda."

Mtu huyo hakupatikana. Aliyemwongoza Juni alisema hataki tena, boti yake ina bonde. Wa pili akasema mgongo unamuuma. Wa tatu alicheka kwanza, ndipo akasema mgongo unamuuma. Akabaki mmoja tu, Gaétan Potvin.

Gaétan alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mwenye boti ya bati, injini inayokohoa, na jina baya. Waogeleaji walikuwa hawamchukui, miaka kumi na miwili sasa. Mylène alimkuta nyuma ya nyumba yake akikwangua rangi, mkate wa jamu ya bluberi mdomoni. Mzee huyu jamu ya bluberi alikuwa akila asubuhi, mchana na jioni, mpaka ncha za vidole vyake zilikuwa za zambarau.

"Hodi, mzee Gaétan."

"Kama unauza, sinunui."

"Siuzi. Natafuta mwongozaji."

Mzee akainua macho, akamwangalia kinundu. "Ahaa. Wewe ndiye uliyegonga boti."

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye ambaye waogeleaji hawakutaki."

Akidhani atafukuzwa, alishangaa kumwona mzee anacheka mpaka makombo yanamtoka. "Basi tumekutana, mkosi na mkosi. Nitakuongoza, binti. Ila nina masharti mawili. Saa yako ya mkononi inakaa kwangu. Na majini hutaniuliza umbali. Umesikia? Hata mara moja. Hiyo ndiyo mila ya waongozaji wote hapa: kukulisha tutakulisha, kukutukana tutakutukana, lakini umbali uliobaki hatukutajii. Siku ukiona nimekutajia umbali, ujue mambo yameharibika."

Mylène akaitikia haraka, kwa kuwa alikuwa na siri yake. Umbali hakuhitaji kutajiwa, angehesabu. Bwawani alipiga mikono arobaini kutoka ukuta hadi ukuta, mita hamsini. Kilomita kumi ni kuta mia mbili. Mara arobaini, elfu nane. Akifika elfu nane gati litakuwa puani mwake, na mzee abaki na mila yake.

Wakaanza siku ya pili yake. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma meno, na Mylène alipotumbukia alitoa sauti ambayo mbwa wa jirani aliijibu. Kazi ya kwanza ilikuwa pumzi ya kushoto. Jamani, mtu mzima kujifunza kupumua! Alimeza ziwa zima wiki ile. Kila alipogeuza uso kushoto wimbi lilimwingia, akakohoa, akamlaani Gaétan, naye Gaétan kutoka kwenye boti anapiga makofi.

"Kunywa, kunywa! Bado limejaa!"

"Nakufa, mzee!"

"Anayekufa hasemi. Kushoto tena!"

Alimfundisha pia kuchungulia, kuinua macho tu juu ya maji na kuyarudisha, bila kuinua kichwa chote kama mtu anayeitwa. Alimfundisha asiyapige mawimbi, ayapite. Siku ya tatu, waliporudi gatini, ndipo ilipotokea ile ya kichekesho. Mylène aliona mbao za gati mbele ya miwani yake, akajikunja, akapiga kichwangomba safi cha mashindano, akasukuma mbao kwa miguu miwili, akaondoka tena kuelekea katikati ya ziwa.

"Ala! Unakwenda wapi wewe?" Gaétan akapaza sauti.

Mylène akasimama, maji kifuani, kwa haya. "Mwili unajigeuza wenyewe, mzee. Ukiona ukuta unageuka. Hata kitandani napiga mbao za kichwani, mwulize mama."

"Basi uambie mwili wako kwamba ziwani hakuna ukuta. Huku ukigusa kitu, ama umefika ama umekufa."

Wakacheka wote wawili. Hakuna aliyelikumbuka tena jambo lile.

Siku moja mvua iliwazuia, wakakaa kibandani wanakula maharage ya kuoka kwenye sufuria moja. Mylène akauliza lile ambalo kijiji kizima kinalijua nusu nusu. "Mzee, kwa nini hawakutaki?"

Gaétan alikoroga maharage. "Nilimwongoza binti yangu, Josée, kwenye jaribio lake la pili. Alikuwa amechoka vibaya, analia ndani ya miwani. Akaniuliza, baba, bado kiasi gani? Mimi ni baba. Nikamwambia, mita mia sita tu, mwanangu. Na zilikuwa mia sita kweli, sikumdanganya. Upepo ukageuka. Akapigana dakika ishirini, akaniuliza tena, nikatazama, bado mia sita. Akaniona usoni kabla sijasema. Akanyoosha mkono, akashika boti."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Hajaogelea tena. Anauza miwani huko Sherbrooke, Krismasi anapiga simu dakika tano. Ukweli wa majini unadumu dakika moja, binti. Mimi nilimpa kama mkate, akaula, ukageuka sumu." Akafunika sufuria. "Nenda kalale. Kesho kushoto na kulia."

Mylène alirudi nyumbani akiwa amekasirika, hajui amemkasirikia nani.

Jumamosi ya tatu ya Julai ikafika. Saa moja asubuhi, kwenye rasi iliyo kilomita kumi kutoka gatini, Gaétan alimpaka mafuta mazito makwapani na shingoni, akamvuta kofia mpaka masikioni.

"Boti itakuwa kushoto kwako," alisema.

"Najua iliko boti, mzee. Tulishajuana."

"Vizuri. Usiisalimie."

Firimbi ikalia. Nyuma yao boti ya Kamati ikawafuata kwa mbali kuchunga kanuni. Saa ya kwanza ilikuwa raha tupu, sisemi uongo. Maji yalilala, Mylène akapumua kulia, akapumua kushoto, akamwona mzee amekaa na kofia yake nyekundu, akahesabu. Mia tano. Elfu moja. Elfu mbili. Kila nusu saa Gaétan alimletea kikombe kwenye ncha ya fimbo ndefu, maji vuguvugu yenye utomvu mtamu wa mti wa maple, na kwenye ubao mweupe alimwandikia kwa kalamu nyeusi neno moja: KUNYWA. Au MIGUU. Au, mara moja, MAMA YAKO ANAPIGA TEKE KULIKO WEWE, ambayo si neno moja, lakini ilimwingia.

Elfu nne na kitu, upepo ukaamka. Upepo wa kwetu haubishi hodi. Ziwa hili halina kina, na kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na ya fujo. Yanakupiga, unafungua mdomo kulalamika, yanakupiga tena. Ukaja na mvua ya manyunyu, ng'ambo ikapotea, nchi kavu ikapotea pande zote. Kikabaki kijivu, na boti, na kofia nyekundu. Mylène alijikaza kisabuni. Mabega yalimwaka, vidole vya miguu alivisahau. Lakini alikuwa na hesabu yake, na hesabu ilikuwa ukuta wake. Elfu sita. Elfu saba. Elfu saba na mia tisa, akaanza kutabasamu ndani ya maji.

Elfu nane.

Akachungulia mbele. Kijivu.

Akajiambia, mawimbi yamefupisha mikono, ongeza elfu moja. Akaongeza. Elfu tisa, akachungulia. Kijivu kilekile. Akaongeza mia tano nyingine, hizi akizipiga kwa hasira, na alipoinua macho hapakuwa na gati, hapakuwa na mti, hapakuwa na hata ndege. Aliogopa, na tuseme waziwazi, aliogopa kama mtoto aliyepotea sokoni. Akaacha kuogelea, akasimama wima majini, mawimbi yanampanda kichwani.

"Bado kiasi gani?" akapiga kelele.

Gaétan akatazama pembeni.

"Mzee! Bado kiasi gani?"

"Kunywa."

"Sitaki kunywa! Nimehesabu elfu tisa na mia tano, nilitakiwa niwe nimefika! Umenipoteza! Tabernakulo!" Huku kwetu mtu akitukana hutukana vyombo vya kanisani, na Mylène alivitoa vyote kabatini: kalisi, hostia, siborio, hata mishumaa haikusalimika. Akamaliza akiwa analia. "Niambie tu, mzee. Nakuomba. Usiseme kwa mdomo, niandikie basi. Namba moja tu nipate kuishika."

Wimbi likamsogeza. Ukingo wa boti ulikuwa hapo, shubiri moja kutoka kwenye vidole vyake, bati jembamba lenye bonde la zamani, na hakuwahi kuona kitu kizuri kama bati lile. Akiligusa tu, watamvuta, watamfunga blanketi, watampa supu. Mkono ukainuka wenyewe.

Gaétan aliuona ule mkono. Uso wake ukawa mweupe. Akachukua ubao mapajani, akaifungua kalamu kwa meno, akaiweka ncha juu ya ubao. Alitaka kuandika. Alitaka kabisa kuandika.

Kisha mzee akaitupa kalamu ziwani.

Aliitupa mbali, kwa mkono wa mtu anayefukuza mbwa, na kifuniko akakitema kikaifuata. "Sina cha kuandikia!" akafoka, machozi yanamtoka na mvua inayafuta. "Haya! Hakuna namba! Iko hii boti, niko mimi, umo wewe! Unaogelea au huogelei?"

Mylène alimtazama. Alimchukia, na katika kumchukia huko akaona wazi kwamba hakuna atakayemwambia, wala leo wala kesho wala kwenye kilomita thelathini za Agosti. Hapakuwa na mstari, hapakuwa na ukuta, hapakuwa na namba. Akauvuta mkono wake nyuma.

"Mwendawazimu wewe!" alimwambia.

"Najua! Twende!"

Akatia uso majini. Hakuhesabu moja. Alipiga mkono, akapumua kushoto, kofia nyekundu ipo. Akapiga, akapumua kulia, kijivu. Kushoto, kofia nyekundu ipo. Alimfuata mzee kama mtu anavyofuata tochi ya mwenzake njiani, bila kuuliza njia inaishia wapi. Mabega yaliendelea kuuma, lakini maumivu sasa yalikuwa ya mkono huu mmoja tu, si ya mikono elfu iliyobaki. Liwalo na liwe, alijiambia, na akalirudia hilo badala ya namba.

Sisi tuliokuwa gatini tulimwona akitokeza kwenye manyunyu zikiwa zimebaki dakika tatu. Huguette alipanda juu ya kreti ya bia. Normand Dallaire wa Kamati alikuwa amesimama na saa yake shingoni na firimbi mdomoni, karibu na ule ubao wa kumalizia ambao huning'inizwa ukingoni mwa gati, juu kidogo ya maji. Kanuni ya kumalizia nayo haina mjadala: lazima uupige ubao kwa mkono.

Mita sitini za mwisho zilikuwa zimezungushiwa kamba mbili za maboya mekundu na meupe. Kamati iliziazima bwawani, kwenye shule ya mji wa jirani. Boti hairuhusiwi kuingia humo, kwa hiyo Gaétan alisimamisha injini mdomoni mwa kamba, Mylène akaingia peke yake, na nyuma yake upepo ukaisukuma boti upande wa pili wa mdomo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akili yake ilikuwa imeganda, na mwili ulipoona kamba ya maboya kulia, kamba ya maboya kushoto, ulifurahi. Ulizijua kamba zile. Ukarefusha mikono, ukatulia, na hesabu ikajianzisha yenyewe kichwani, moja, mbili, tatu, nne. Kelele zetu alizisikia kama kelele za bwawani, zile za watu wakishangilia njia ya jirani. Mbao za gati zikatokeza kwenye maji ya chai, karibu, karibu zaidi.

Akajikunja. Akapiga kichwangomba, akasukuma gati kwa miguu yote miwili, akarudi zake ziwani.

Nakwambia, gati zima lilishika kichwa. Wanaume wakaanza kutukana kanisa lote, na paroko alikuwepo. "Mylène!" Huguette alipiga yowe mpaka sauti ikakatika. "Rudi, wewe mtoto! Rudi!" Normand akapuliza firimbi mpaka akawa mwekundu. Haikusaidia kitu, masikio yalikuwa ndani ya kofia, na kofia ndani ya maji, na kadiri tulivyopiga kelele ndivyo alivyokaza mwendo akidhani anashangiliwa. Zilikuwa zimebaki sekunde tisini.

Gaétan alimwona anamjia. Alipunga mikono, akaita, akaona ni bure. Akaunyakua ubao mweupe. Akapapasa kalamu mapajani, akapapasa mifukoni, kisha akakumbuka kalamu iliko. Alichokuwa nacho ni kofia, kikombe kwenye fimbo, na kopo la jamu lililofunguliwa. Akatumbukiza vidole viwili.

Mylène alikuwa kwenye mkono wa thelathini na mbili alipopumua kushoto. Angekuwa yule wa Juni, angepumua kulia na kuiona kamba tu. Lakini alipumua kushoto, akaiona boti, akamwona mzee amesimama ndani yake, jambo ambalo hata yeye mwenyewe huwakataza watu, ameinua ubao juu ya kichwa. Juu yake herufi nene za zambarau zilikuwa zikichuruzika:

UMEFIKA

Akasimama. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa lile sharti: siku nikikutajia umbali, mambo yameharibika. Basi yameharibika, akawaza. Muda umekwisha, wananitoa. Lakini mzee alikuwa anaruka, anaruka ndani ya boti ya bati na miaka yake sitini na sita, anaonyesha nyuma ya Mylène kwa ubao, kwa kidole, kwa kidevu. Ndipo nyayo zake zikamkumbusha. Zilisukuma kitu sasa hivi. Kitu kigumu.

Ama umefika ama umekufa. Naye hajafa.

Akageuka. Wanaosema wamewahi kuona mtu akikimbia majini, wamemwona Mylène Boulianne siku ile. Mita arobaini zile alizipiga kama aliyezaliwa upya, hapumui kulia wala kushoto, na Normand alikuwa ameanza kuhesabu kwa sauti, ishirini, kumi na tisa, kumi na nane, mkono wa Mylène ulipotoka majini na kuupiga ule ubao wa kumalizia kofi ambalo lilisikika kanisani.

"Kumi na mbili!" Normand akapiga kelele. "Zimebaki kumi na mbili! Amepita! Amepita, jamani!"

Huguette alikuwa ameshajitupa majini na viatu vyake vya dukani. Akamkumbatia bintiye, akamzaba kofi la bega, akamkumbatia tena. "Mpumbavu wewe," alisema akilia. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi, Mama," Mylène alisema, meno yanagongana, na wote wawili wakacheka hadi wakakosa pumzi.

Baadaye, jua lilipotoka, kana kwamba halikuwa na makosa, Mylène alikaa ukingoni mwa gati ndani ya mablanketi matatu na bakuli la supu ya njegere. Jina lake lilishaandikwa kwenye karatasi ya Mvuko, mwezi wa Agosti, kilomita thelathini, na mbele yake jina la mwongozaji: G. Potvin. Waogeleaji wawili walishakuja kumuuliza mzee kama mwakani ana nafasi. Aliwaambia mgongo unamuuma.

Gaétan akaja akakaa pembeni yake. Ubao ulikuwa bado mkononi, jamu imekaukia juu yake na nzi wanaifurahia. Hakuufuta.

"Mzee."

"Mmh."

"Sasa tuko nchi kavu. Naruhusiwa kuuliza."

"Uliza."

"Pale nilipotaka kuishika boti. Ulipotupa kalamu. Ilikuwa bado kiasi gani?"

Mzee alikuwa anatazama ziwani, kule manyunyu yalikokuwa.

"Mita mia sita," alisema.

Mylène akaiweka supu chini, akamshika mkono, ule wenye vidole vya zambarau. Kisha mzee akaomba simu ya Mylène, kwa sababu yake iliingia maji, akaitafuta namba ya Josée kule Sherbrooke kichwani mwake, akaipata yote bila kukosea.